Kikao Hakijafungwa

Benchi lile alilipiga misumari marehemu mume wangu kutoka kwenye mlango uliokufa, na ukilikalia vibaya tundu la kitasa linakubana nyama. Liko kwenye ukuta wa nyumba yangu, pale kona inapokata barabara ya kwenda chuoni, kwa hiyo anayekwenda chuo na anayerudi lazima anikute namimina kahawa. Wateja wangu wa asubuhi ni walewale. Kuna Geti, aliyelinda lango la chuo mpaka wakamstaafisha, na fulana waliyompa kwenye Wiki ya Jamii ya chuo haivui ila ikiwa kambani. Kuna Wembe, kinyozi, kibanda chake kinatazamana na mlango wangu. Kuna Redio, kazi yake haijulikani lakini habari zote anazo. Na kuna wanangu wawili: Mkubwa, seremala, anayekaa mwisho wa benchi huku, na Mdogo, fundi wa makochi, anayekaa mwisho wa benchi kule. Geti hukaa katikati yao. Kukaa katikati ndo imekuwa kazi yake mpya, maana wanangu hawasemezani, na hawasemezani kwa sababu chuo kiliwakataza. Asubuhi ninayoisimulia, Mdogo alikuwa anahama. Lori lilishaegeshwa mbele ya chumba chake, cherehani ilishavalishwa gunia, mkewe na watoto walishatangulia kwa basi, na mimi nilikuwa na shida moja tu duniani: hawa watu wawili waongee kabla lori halijawashwa.

— Geti, — akasema Mkubwa, macho yako barabarani, — mwambie huyo wa kule mwisho sukari iko huku.

— Sukari iko kwa kaka yako, — akasema Geti.

— Mwambie nimeiona.

— Kaiona.

— Nimesikia kaiona. Mwambie asiweke vijiko vingi, kahawa ya Mama si uji.

— Kaka yako anasema...

— Nimemsikia. Mwambie na mimi nina ulimi wangu.

Wembe akacheka mpaka akamwaga kikombe. Mimi sikucheka. Wale ni watu waliolala mkeka mmoja, wakakohoa kikohozi kimoja, na ukimchapa huyu yule ndo analia. Leo sukari inahitaji mjumbe.

— Haya, — akasema Redio, akajiweka sawa kama mtu anayefungua taarifa ya habari. — Leo ndo leo. Mtu anahama na kikao hakijafungwa. Geti, wewe ndo mtu wa chuo hapa. Hiyo imekaaje?

— Imekaa vizuri tu. Kikao kimeahirishwa. Chuo kiko likizo. Wakifungua, watakuja wanafunzi wengine, wataendelea.

— Wataendelea au wataanza?

— Wataanza, ili waendelee.

— Basi andika umeumia, — akasema Wembe.

Nauweka ugomvi wenyewe hapa usikike, maana ugomvi wa ukoo huu wote ninao mimi, najua nani alimnunia nani kwenye msiba wa nani, na nani alirudisha sahani bila kuiosha. Huu wa wanangu ulikuwa mdogo. Walikuwa wanafanya kazi pamoja hapo uani. Mkubwa anaunda fremu ya kochi, Mdogo anavalisha sponji na kitambaa. Mmoja bila mwenzake hana kochi, ana mifupa tu au ana ngozi tu. Wakamuuzia mama mmoja mwenye nyumba ya wageni makochi ya sebuleni. Mgeni wa kwanza kukaa, mkono wa kochi ukapasuka. Mbao zilikuwa bichi. Yule mama akaja hapa na kelele zake, na Mdogo, badala ya kusema tutarekebisha, akasema mbele za watu: "Mimi ni kitambaa. Mbao muulizeni kaka." Mkubwa naye akamjibu: "Na kazi ya kitambaa ni kuficha. Ndo unachojua tangu utoto, kuficha." Basi. Ugomvi ndo huo. Nilikuwa nimeshauweka mahali pake. Ugomvi mimi naunyima watazamaji, naufungia ndani, unakosa hewa, siku moja unasikia mtu anamuuliza mwenzake nyundo iko wapi, umekwisha.

Geti akaja na wanafunzi.

— Usinitazame hivyo, Bibi, — akasema. Huwa anajua ninapomfikiria. — Mimi nilileta msaada. Huduma ya Usuluhishi kwa Jamii, bure kabisa. Mitaa mingine wanaililia.

— Mitaa mingine waichukue.

— Chuo hiki kidogo, lakini kina moyo. Vyuo vikubwa vina ukuta. Sisi...

— Sisi nani? — akauliza Wembe. — Wewe walikupa fulana na mkono wa kwaheri.

— Sisi, — akasema Geti, na akaishika fulana kifuani. — Nani alileta watoto wa afya wakatutazama meno?

— Heeh! Meno! — Wembe akageuka kwa watu wote, hata kwa mbuzi aliyekuwa anapita. — Naomba mnisikilize jamani. Jino langu hili la nyuma lilikuwa linaniua. Nikaenda kwenye hema lao. Nikafungua mdomo. Akaja mmoja akamulika tochi, akasema, mmh. Akamwita mwenzake. Naye mmh. Wakapanga foleni wote kwenye mdomo wangu kama wanaangalia mpira kwenye tundu la ukuta. Nikawauliza kwa ishara, maana mdomo umejaa vidole: mnang'oa lini? Wakaniambia, mzee, sisi ni mwaka wa pili. Mwaka wa pili tunatazama. Kung'oa ni mwaka wa nne.

— Na mwaka wa nne walikuja?

— Walikuja. Wakati huo nimeshaling'oa kwa fundi baiskeli.

Hata Mdogo akatabasamu. Nikaona Mkubwa naye anatabasamu kwa upande wake. Walitabasamu kwa jambo moja wakati mmoja, kila mmoja akimtazama Wembe. Nikamwongeza Mkubwa kahawa haraka haraka, nikamwongeza Mdogo. Nilidhani vikombe vikiwa vimejaa watataka kukaa.

— Na sabuni je? — akasema Redio. — Walipowafundisha kina mama kutengeneza sabuni. Mradi wa kujikwamua. Mtaa mzima ukatengeneza sabuni. Kila mlango una sabuni mezani, nani anamuuzia nani? Watu wakaanza kuchukiana kwa sabuni.

— Bibi bado anayo, — akasema Wembe.

— Ninayo chini ya kitanda, — nikasema. — Haitoi povu wala haiishi.

— Mnasema mabaya tu, — akasema Geti, na sasa alikuwa ameumia kweli. — Mke wa Mdogo aliposhikwa na uchungu, na mvua ile, gari gani lilimpeleka hospitali? Si gari la chuo? Mtoto yule leo yuko hai kwa nini?

Ni kweli. Gari lilikuwa la chuo.

— Dereva yule alikuwa anakwenda kwake, — akasema Mdogo taratibu. — Alimwona Mama anapunga mkono akasimama. Hakuwa mradi.

— Lakini gari lilikuwa la chuo!

— Ndiyo, Geti. Na wakamkata mshahara kwa mafuta. Nilimfuata kumshukuru, akaniomba nisiseme kwa sauti.

Mkubwa akasogea kidogo. — Geti, mwambie huyo hilo la mshahara sikulijua.

— Anasema hakulijua.

— Mwambie angelijuaje? Nilitaka kumwambia, kikao kikawa hakijafungwa.

Mnaona? Ndo walivyokuwa. Kila jambo la maana walilotaka kuambiana lilikutana na kikao mlangoni, likarudi.

Yule binti wa miwani ndo aliyeweka sheria. Kundi la kwanza lilikuwa la kwake. Wakakaa uani kwangu kwenye vigoda vyangu, wakabandika karatasi kubwa ukutani, gundi ikang'oa chokaa. Wakachora duara mbili. Moja wakaandika Mkubwa, nyingine wakaandika Mdogo, na mimi niliyewazaa wote wawili nikawa mshale. Binti akasema kwa adabu, sauti laini, heshima tele, shikamoo kila dakika: "Kuanzia leo mpaka kikao kifungwe, tunaomba msisemezane nje ya kikao. Kila neno lipite kwetu." Alitaka wasitukane. Nilimwelewa. Alikuwa mtoto mzuri. Lakini wanangu nawajua. Ukiwaambia wale, hawali. Ukiwaambia watu wazima wa kwao waombane radhi, hawasikii. Mgeni mwenye kalamu akisema msiseme, wanafumba midomo kana kwamba wameshonwa.

— Mimi nina maelezo yangu, — akasema Wembe. — Mimi nilijifunza kunyoa kwenye vichwa vya wadogo zangu. Wakatembea na mabaka mwaka mzima, wanachekwa, mimi nikawa kinyozi. Chuo kinajifunza kwenye vichwa vyetu. Sisi ni wale wadogo zangu.

— Hiyo ndogo, — akasema Redio. — Wewe unaona kichwa, huoni mwili. Ugomvi una soko. Kuna watu nje huko wanalipia ugomvi. Chuo kikisema tuna familia inagombana, wanaletewa fungu la hela. Familia ikipatana, fungu linakatika. Sasa wewe ukiwa na ng'ombe anatoa maziwa, utamchinja?

— Nani kakwambia?

— Sina haja ya kuambiwa. Tazama. Kundi la kwanza, wakafika katikati, mtihani. Kundi la pili, jitambulisheni, tuanze mwanzo, katikati, likizo. Kundi la tatu, jitambulisheni. Mdogo, wewe umejitambulisha kwa watoto wale mara ngapi?

— Mpaka nimejisahau.

— Na kila mnapoanza upya ugomvi unarudi ulivyokuwa?

Nikajibu mimi kabla yake.

— Unarudi na ndugu zake. Mara ya kwanza ilikuwa mbao. Mara ya pili wakaulizwa, kabla ya mbao kulikuwa na nini? Mdogo akakumbuka baiskeli ya baba yao, nani aliipanda zaidi. Mara ya tatu wakaulizwa mnajisikiaje. Wakajisikia! Mkubwa akaleta maneno ya shemeji yake kikaoni, Mdogo akaleta mambo ya msiba wa baba yao, nani alilia na nani alikuwa anahesabu viti. Mambo niliyoyazika mimi mwenyewe. Wale watoto wakawa wanaandika na kutikisa kichwa, asante kwa kushiriki.

— Umesikia? — Redio akapiga goti. — Wananenepesha.

— Hapana, hapana, ngoja, — akasema Wembe, sasa amesimama. — Nimeshajua. Yule binti wa miwani si mwanafunzi. Nani anafaidika hawa wawili wasipotengeneza makochi? Wenye viti vya plastiki! Tangu kikao kianze, nyumba ya wageni ina viti vya plastiki, shule ina viti vya plastiki, hata mimi kwenye kibanda nimenunua cha plastiki. Binti katumwa!

— Binti alikuwa analia pale getini kwa sababu ya mtihani wa takwimu, — akasema Geti. — Nilimpa maji. Katumwa na nani?

— Jasusi anayelia ndo jasusi aliyesoma.

— Na mwisho wake mimi nauona, — akasema Redio, ameshapanda, hashukiki. — Kila familia itapewa kundi lake. Mume na mke, kundi. Mwenye nyumba na mpangaji, kundi. Mtaa mzima kimya, tunangoja muhula. Ukitaka kumsalimia jirani unapeleka maombi. Salamu ya asubuhi unajibiwa Desemba!

— Mkiwa mnapiga kelele, — akasema Geti, — mwakani wanapata mwaka wa nne wao. Hao ndo wenye ruhusa ya kufunga vikao. Watafunga vyote siku moja, bendi itapiga, kitambaa kikubwa cha maandishi kitafungwa pale kona. Mtaona aibu.

— Mwakani Mdogo yuko wapi? — nikamuuliza.

Kule mbele ya chumba cha Mdogo vijana wa jirani walikuwa wanapandisha godoro kwenye lori, likajikunja, wakalisukuma kwa mabega. Nikamwambia Mdogo:

— Mwanangu, si ungengoja mwezi mmoja?

— Mama, nimengoja. Fremu nimenunua za watu. Zinakuja zimelegea, navalisha kitambaa kizuri juu ya mbao mbaya, mteja akikaa anaanguka, ananitukana mimi. Sasa ni kweli nimekuwa mtu wa kuficha. Yule tajiri wa makochi ana mafundi wa mbao wake, nitakaa kwake nishone tu.

— Na kaka yako?

Akatazama kikombe. — Geti, — akasema, — mwambie kaka fremu zake zote zilizoko uani nimezifunika turubai. Zisinyeshewe.

Alisema kaka. Mihula yote ile alikuwa akisema huyo.

Geti akamgeukia Mkubwa. — Anasema fremu zako kazifunika turubai.

Mkono wake wenye kovu la msumeno ulikuwa juu ya goti, vidole vinacheza kama vinapima kitu.

— Mwambie nimeona, — akasema.

Hapo nikashindwa. Nikaweka birika chini.

— Mkubwa, — nikasema, — yaseme yale uliyotaka kusema siku ile.

— Siku gani, Mama?

— Unaijua. Nilikuwa mshale lakini masikio nilikuwa nayo.

Nikageuka nikawaambia wao, Wembe na Redio, maana hawakuwepo, na Geti aliyekuwepo hakuwahi kulisema. Ilikuwa kikao cha pili cha lile kundi la kwanza. Joto kali, karatasi inadondoka ukutani, watu wamechoka. Mkubwa kavuta pumzi, kakuna kichwa, akasema: "Kusema kweli, zile mbao mimi nilijua hazija..." Na binti wa miwani akanyanyua mkono. Akasema, samahani Baba, hilo ni zuri sana, lakini ni la hatua ya nne. Leo tuko hatua ya pili. Tulihifadhi. Mkubwa akafunga mdomo. Mdogo alikuwa ameshainua uso, nilimwona, ameinua uso kama mtoto aliyeitwa chakula. Akauinamisha. Wiki iliyofuata mtihani ukaanza. Hatua ya nne hatujawahi kuiona mpaka leo.

Benchi zima likamtazama Mkubwa.

— Ni kweli? — akauliza Wembe kwa sauti ya chini. Hakuwa na utani tena.

— Nilihifadhi, — akasema Mkubwa.

— Sasa si ulitoe! Mtu huyo hapo!

— Kikao hakijafungwa. Nikilisema hapa, watakuja waseme nimeharibu. Tulisaini wote, kwamba hatutasemezana nje. Mimi sitaki nionekane ndo niliyevunja.

— Na mimi sitaki, — akasema Mdogo. — Geti, mwambie. Tangu mwanzo walisema atakayevunja ndo mwenye makosa.

— Walisema hivyo? — nikamuuliza Geti.

— Hawakusema hivyo hasa, — akasema Geti. — Walisema itaathiri mchakato.

— Mchakato ndo nini?

— Ni... ni vile mambo yanavyokwenda, Bibi.

— Nimeyaona yanavyokwenda. Yanakwenda kwa lori.

Dereva wa lori akaja wakati huo huo. Alikuwa mtu mnene, mgeni, kitambaa cha jasho shingoni, anafuta mikono.

— Shikamoo, Mama. Nasikia kahawa yako inaamsha waliolala. Nipe moja nikamate barabara.

— Marahaba, baba. Vuta kigoda.

Akakaa mbele yao, akanywa, akatazama mwisho huu wa benchi, akatazama mwisho ule.

— Hawa wawili mbona wamefanana kama viatu?

— Ndugu, — nikasema. — Tumbo langu hili.

— Heh! Basi huyu ndo anahama, na huyu ndo kaka? — Akamgeukia Mkubwa, si kwa ubaya. — Kaka mkubwa, mbona hujashika hata mto? Wenzako wanavunjika migongo kule.

Mkubwa akamtazama Geti. Geti akajibu:

— Hawaruhusiwi kusemezana.

— Wana kesi?

— Hapana. Wanasuluhishwa.

Dereva akashusha kikombe. — Wanasuluhishwa wasisemezane?

— Nje ya kikao. Ni utaratibu.

— Aliyeweka utaratibu nani?

— Chuo.

— Chuo nani?

— Chuo. Hicho hapo juu.

— Nimekiona. Nimeuliza nani. Mtu. Mwenye mdomo, aliyesema msisemezane.

— Ni binti mmoja wa miwani, — akasema Wembe.

— Yuko wapi tukamwombe?

— Kahitimu, — akasema Geti.

— Yuko benki, — akasema Redio, — au kaolewa. Habari zake zimekatika.

— Na mwalimu wake?

— Kaenda kusoma zaidi.

— Waliomfuata huyo binti?

— Nao wameshamaliza.

— Wanaokuja?

— Bado hawajapangwa, — akasema Geti, na sauti yake ikawa ndogo, akaanza kulikunja pindo la fulana. — Likizo.

Dereva hakucheka. Ningependa angecheka. Akawatazama wanangu, huyu na huyu, watu wazima wana mvi, akauliza kama mtu anavyouliza njia:

— Sasa nyinyi mnangoja ruhusa ya nani?

Redio, ambaye ana jibu la kwa nini mvua hainyeshi na kwa nini inanyesha, alitazama viatu vyake. Wembe akachukua kikombe kilichokwisha akakinywa. Geti alifungua mdomo kusema chuo, nikaona neno linamfika mdomoni, akalirudisha. Mkubwa alimtazama Mdogo. Nawaapieni, alimtazama, machoni, mara ya kwanza tangu zile duara, na Mdogo akamtazama naye, na mimi nikashika ukuta.

Kijana akapiga mluzi kutoka kwenye lori. Limejaa.

Dereva akanishukuru, akaenda. Mdogo akasimama, akaja kwangu, akanishika mikono yote miwili, akanibusu kichwani. Akampa mkono Wembe. Akampa Redio. Akampa Geti, na Geti akaushika muda mrefu. Alipofika mbele ya Mkubwa mkono ukasimama hewani pale, kidogo tu, kisha akaupangusa kwenye suruali, akaenda zake.

— Geti, — akasema Mkubwa, macho yako kwenye lori, — mwambie ile kamba ya nyuma haijakazwa. Cherehani itaanguka kwenye kona.

Geti akakunja mikono kifuani, juu ya fulana.

— Geti! Mwambie!

— Mwambie mwenyewe, — akasema Geti. — Mimi nimestaafu.

Mkubwa akanyanyuka. Akavuka barabara, haraka, kama anayekwenda kupigana. Injini ikawashwa. Akafika nyuma ya lori, akaishika kamba, akaifungua, akaivuta huku mguu umekanyaga bodi, akaifunga upya lile fundo la baba yao, la kupita mara mbili. Mdogo alikuwa ametoa kichwa dirishani, anamtazama kwenye kioo cha pembeni. Nilikuwa nasema moyoni, sema, sema, lolote, mtukane hata. Mkubwa akalipiga bodi kofi, pa, pa, kama mtu anavyomwambia dereva nenda.

Lori likaenda.

Alirudi akakaa palepale mwisho wa benchi. Upande wa pili pakawa wazi, na hakuna aliyesogea kupajaza. Redio, mtu asiyeweza kukaa na kimya, akasema kwa unyenyekevu kabisa:

— Lakini Geti, wakifungua si wataweza kuwaita? Hata kwa simu?

— Bibi, — akasema Wembe, akininyooshea kikombe, — hebu nitilie.

Nikawaambia kahawa imeisha, waende makazini kwao. Wakaondoka mmoja mmoja, Geti wa mwisho. Nikabaki na birika mkononi, zito, nusu nzima ilikuwa bado imo, nikaimwaga yote mtaroni.